Data ziliharibika lini?

Mwanachama wa SACCOS amesimama dirishani, kitabu chake cha akiba mkononi. Karani anaingiza namba yake ya uanachama, mfumo unajibu kwamba hakuna mtu mwenye namba hiyo. Anarudia, jibu ni lilelile. Lakini orodha nzima ya wanachama ikichapishwa, jina limo, namba imo, na akiba yake imo yote. Kesho yake karani mwingine, kwa nia njema, anamsajili upya, na mfumo ambao ulikatazwa kupokea namba moja mara mbili unampokea bila ubishi.

Hitilafu ya aina hii inajulikana vizuri kitaalamu na nitaieleza hapo chini. Nimeitanguliza kwa sababu imeonekana leo ilhali ilitokea miezi kadhaa nyuma, usiku ambao fundi aliboresha mfumo endeshi wa seva na asubuhi kila kitu kikawaka salama. Natunza hifadhidata hapa Dodoma, na kinachonipa wasiwasi kuliko vyote ni huo muda wa katikati, tangu data ziharibike hadi mtu agundue. Ndani ya muda huo bakapu zinaendelea kuchukuliwa kila usiku, zikinakili uharibifu uleule, huku bakapu nzima za zamani zikifutwa moja baada ya nyingine ili kupisha nafasi.

Mji huu umejaa majedwali. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa, wizara zimejipanga Mtumba, vyuo vimekua, na hata vyama vya wakulima wa zabibu na wa alizeti, au wafanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, siku hizi wanaweza kuwa na hesabu zao kwenye kompyuta. Baadhi ya hifadhidata hizi zinakaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi na jenereta. Nyingine zinakaa kwenye kompyuta ya mezani chini ya kaunta, inayovuta vumbi kiangazi chote. Naandika hasa kwa ajili ya hizi za pili, maana ndizo zisizo na mtu wa kuzisemea.

Ahadi nne

Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM nchini Marekani, alipendekeza data ziwekwe kwenye majedwali yanayohusiana, ili mtumiaji aulize anachotaka bila kujali zimepangwaje kwenye diski. Urahisi huo ndio umeleta hifadhidata za uhusiano tunazotumia hadi leo. Ndio pia unaotufanya tusahau kwamba chini ya jedwali kuna faili, na chini ya faili kuna kifaa kinachoweza kupata joto, kuchakaa na kukosa umeme.

Mwaka 1983 Theo Härder na Andreas Reuter walizipa sifa nne za muamala jina la kifupi, ACID. Muamala ufanyike wote au usifanyike kabisa. Sheria za majedwali zisivunjwe. Miamala inayokwenda kwa wakati mmoja isivurugane. Na kilichokwisha kuthibitishwa kisipotee, hata umeme ukikatika sekunde inayofuata. Programu ya hifadhidata hujitahidi sana kutimiza ahadi hizi, ila haiwezi kuzitimiza peke yake. Inategemea diski iseme kweli, mfumo endeshi useme kweli, na aliyesanifu majedwali awe ameandika sheria zenyewe.

Umeme unapokatika katikati ya ukurasa

Hifadhidata haiandiki mstari mmoja mmoja kwenye diski. Inaandika kurasa, yaani mafungu ya data yenye ukubwa maalumu. Ukurasa wa PostgreSQL, moja ya programu za hifadhidata, kwa kawaida una baiti 8,192. Ule wa InnoDB, injini inayotumiwa na programu nyingine mbili, MySQL na MariaDB, una baiti 16,384. Diski kwa upande wake inajua vipande vidogo zaidi, vya baiti 512 au 4,096. Kwa hiyo kwenye diski ya vipande vya baiti 4,096, ukurasa mmoja wa InnoDB ni vipande vinne. Umeme ukikatika wakati vipande viwili vimeshaandikwa na viwili bado, unabaki na ukurasa ambao nusu yake ni ya sasa na nusu ni ya zamani. Hakuna kipande kilichoharibika. Kila kimoja kinasomeka vizuri kikiwa peke yake, lakini vikiwekwa pamoja havielewani.

Waliotengeneza programu hizi walilijua hilo mapema. Kabla ya kugusa ukurasa wenyewe, hifadhidata huandika kwanza kwenye logi, yaani daftari lake la kazi, inachotaka kufanya, ili ikizimika ghafla isome logi na kumalizia au kufuta kazi iliyokuwa njiani. Kwa ukurasa uliokatika katikati, InnoDB huandika kila ukurasa mara mbili, kwanza mahali pa akiba na kisha mahali pake. PostgreSQL nayo huweka nakala ya ukurasa mzima ndani ya logi, mara ya kwanza ukurasa huo unapoguswa baada ya kila kituo cha ukaguzi, yaani pale inapohakikisha kurasa zote zilizobadilika zimefika kwenye diski.

Mpango mzima unasimama juu ya neno moja: “imeandikwa.” Hifadhidata inauliza, mfumo endeshi unajibu, diski inajibu. Diski nyingi za bei nafuu hujibu “imeandikwa” data zikiwa bado kwenye kumbukumbu ya muda ya diski yenyewe, isiyo na betri wala kapasita ya kuilinda. Umeme ukiondoka wakati huo, logi ambayo ingekuokoa nayo haipo. Hata mfumo endeshi unaweza kupotosha. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba kwenye Linux, uandishi ukishindikana na hifadhidata ikauliza mara ya pili, inaweza kujibiwa kwamba mambo ni shwari, ilhali data za mara ya kwanza zilishatupwa. Matoleo yaliyotoka mwanzoni mwa 2019 yalibadilishwa: sasa jibu la kwanza likiwa baya, seva inajizima yenyewe na kuanza upya kwa kusoma logi.

Ndiyo maana nasisitiza UPS, betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, hata kwa kompyuta moja ya kaunta, na waya wake wa mawasiliano uchomekwe ili mashine ijizime taratibu betri ikikaribia kuisha. UPS isiyo na waya huo inaahirisha tu kuzimika kwa ghafla. Na usizime kinga kwa kutafuta kasi. Kuna ushauri mwingi mtandaoni wa kuweka `fsync`, yaani kusubiri diski ithibitishe uandishi, kuwa `off` kwenye PostgreSQL, na watu wanaufuata kwa sababu mfumo kweli unakwenda mbio. Siku umeme ukikatika, hifadhidata hiyo inaweza isiamke tena. Kwenye MySQL, thamani ya `innodb_flush_log_at_trx_commit`, mpangilio unaoamua logi ipelekwe diskini lini, ibaki 1. Ukiweka 2, mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza takribani sekunde nzima ya miamala ambayo wateja wako wameshapewa risiti zake.

Nizungumzie XAMPP kidogo, maana ipo kila mahali. Ni kifurushi cha seva ya tovuti pamoja na hifadhidata, kizuri kwa kujifunzia na kutengenezea programu, na wenyewe wanaokitoa wanasema hakikukusudiwa kwa kazi halisi. Hata hivyo kinaendesha maduka ya dawa na ofisi za vyama. Umeme unakatika, asubuhi MySQL inagoma kuwaka, kijana anatafuta suluhisho kwenye intaneti na kukutana na ushauri wa kufuta faili la `ibdata1`. Analifuta, MySQL inawaka, kila mtu anashangilia. Kisha kila jedwali linalofunguliwa linajibu kwamba halipo kwenye injini. Ndani ya faili lile mna orodha inayoiambia InnoDB jedwali gani liko wapi, pamoja na kumbukumbu za miamala ambayo haijakamilika. Faili za majedwali bado zipo kwenye folda, lakini injini haizitambui tena. Tatizo ambalo pengine logi ingelimaliza yenyewe limegeuka kuwa kazi ya siku kadhaa.

Faharasa inapoacha kusema kweli

Sasa turudi kwa mwanachama asiyeonekana. Hifadhidata haipekui jedwali zima kumtafuta mtu mmoja. Inatumia faharasa, ambayo ni orodha iliyopangwa kwa mpangilio wa herufi, na inaruka moja kwa moja hadi mahali ambapo jina au namba inapaswa kuwa. Kwa PostgreSQL, sheria ya mpangilio, yaani kipi kinatangulia kipi, mara nyingi inaazimwa kutoka maktaba ya mfumo endeshi inayoitwa glibc. Toleo la 2.28 la maktaba hiyo, lililotoka 2018, lilibadilisha sheria hizo kwa kiasi kikubwa. Mfano unaotumiwa na wataalamu ni mdogo kabisa: ukipanga “1-1” na “11”, sheria ya zamani inatanguliza “11”, mpya inatanguliza “1-1”.

Fikiria namba za uanachama zenye vistari, kama tulivyozoea kuziandika huku. Faharasa ilipangwa kwa sheria ya zamani. Seva ikapandishwa kutoka Debian 9 kwenda Debian 10, na kuanzia hapo utafutaji unafuata sheria mpya ndani ya orodha iliyopangwa kwa ya zamani. Unafika mahali panapotakiwa, unakuta hapana kitu, unajibu kwamba mtu hayupo. Kwa kuwa zuio la kurudia namba nalo linategemea faharasa hiyohiyo, namba ileile inaingia mara ya pili. Hakuna diski iliyokufa, hakuna umeme uliokatika, hakuna ujumbe wa hitilafu.

Tiba yake ni rahisi ikiwahiwa: jenga upya faharasa kwa amri ya `REINDEX` mara tu baada ya kupandisha mfumo endeshi, kabla makarani hawajaanza kazi. Ikichelewa, faharasa zenye zuio hazitakubali kujengwa hadi umalize kuunganisha akaunti zilizojirudia, moja moja, kwa kuwauliza wenyewe.

Kurasa nzima, habari za uongo

Aina ya tatu ya uharibifu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi zaidi, na hakuna kifaa kinachoweza kuigundua, kwa sababu kwa hifadhidata kila kitu ni sawa.

Chukua namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Ofisi inatoa orodha ya watu kwenye mfumo, inaifungua kwa Excel ili kurekebisha majina, inaihifadhi na kuirudisha. Excel inapoiona namba kama namba, hubakiza tarakimu 15 tu na kugeuza zinazobaki kuwa sifuri. Tarakimu tano za mwisho za kila mtu zimefutika, na watu wote ambao tarakimu zao 15 za mwanzo zinafanana sasa wana kitambulisho kimoja. Kama safu hiyo ina zuio la kutorudia, uingizaji utagoma na utashtuka siku hiyohiyo. Kama haina, utajua siku mtu atakapokataliwa malipo.

Namba za simu nazo. Msanifu ameiweka safu ya simu kuwa ya namba nzima ya kawaida, ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647. Simu ikiandikwa kwa kuanza na sifuri, sifuri inapotea lakini tarakimu tisa zinaenea. Ikiandikwa kwa kuanza na 255, inazidi kikomo. MySQL za kabla ya toleo la 5.7, au mpya ambazo mtu amezima ukali wake wa kukagua, hazikatai. Zinaweka kikomo chenyewe na kuendelea. Ukiona 2147483647 imejirudia kwenye orodha ya simu za wateja, umeshajua kilichotokea, na simu za kweli za watu hao hazipo tena popote. Simu na kitambulisho ni maandishi. Hatuzijumlishi wala kuzitoa, kwa hiyo zihifadhiwe kama maandishi, kwa urefu unaojulikana.

Na sisi wa Dodoma tuna jaribio letu wenyewe: kata ya Ng'hong'onha. Alama ile ya juu kwenye SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, ndiyo inayofunga maandishi. Programu iliyoandikwa kwa kuunganisha maneno ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri itavunjika kila mkazi wa kata hiyo anapoandikishwa. Karani ana foleni mbele yake, hawezi kumsubiri mtaalamu, kwa hiyo anaondoa alama na kuandika Nghonghonha. Mwenzake anatumia alama iliyopinda inayotoka kwenye simu. Wa tatu anatumia ile iliyolala upande wa kushoto wa kibodi. Mwisho wa mwaka ripoti inaonyesha kata tatu zenye watu wachache wachache, na mgao unaopangwa kwa idadi ya watu unakosewa. Dawa yake ina sehemu mbili. Programu itumie vigezo, thamani zikitumwa kando ya amri, jambo ambalo pia linafunga mlango kwa wavamizi wanaopenyeza amri zao. Na kata zisiandikwe kwa mkono kabisa: ziwe na jedwali lake, kila moja na namba yake, na jedwali la watu liielekee namba hiyo kwa ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba namba inayotajwa lazima iwepo kwenye jedwali la kata.

Ufunguo wa kigeni wenyewe unahitaji uangalizi. Majedwali ya MyISAM, injini ya zamani ya MySQL, huupokea ukiuandika kisha huupuuza. Na ukizima ukaguzi kwa `SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0` ili kuingiza data haraka, kuuwasha tena hakukagui zilizoingia katikati. Mikopo isiyo na mkopaji inabaki humo. Vilevile masharti ya `CHECK`, kama lile la kukataza kilo hasi, MySQL ilikuwa inayasoma na kuyatupa hadi toleo la 8.0.16 la 2019.

Halafu kuna makarani wawili kwenye akaunti moja. Salio ni 500,000. Wa kwanza anafungua akaunti kuingiza 50,000, wa pili anafungua kutoa 200,000, wote wawili wameshaona 500,000. Wa kwanza anahifadhi 550,000. Wa pili anahifadhi 300,000. Salio sahihi ni 350,000, na mwanachama ameibiwa 50,000 na mfumo bila mtu yeyote kukusudia. Programu isipeleke salio jipya ililokokotoa yenyewe. Iiagize hifadhidata ipunguze 200,000 kwenye salio lililopo wakati huo, au ifunge mstari kwa `SELECT ... FOR UPDATE` kabla ya kusoma. Hesabu ya fedha nayo iwe ya desimali kamili, `DECIMAL` au `NUMERIC`, kamwe isiwe `FLOAT`, ambayo hukadiria.

Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za watu zinazotunzwa ziwe sahihi. Kwangu mimi hata bila sheria, mtu aliyekabidhi akiba yake ana haki ya kukuta kilichoandikwa ndicho alichokitoa.

Kufupisha muda wa kutojua

Kwa uharibifu wa diski kuna cheksamu, namba ndogo inayokokotolewa kutokana na ukurasa na kuhifadhiwa pamoja nao, ili ukurasa ukisomwa baadaye ilinganishwe. InnoDB inayo tangu awali. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, inayo tangu 2005. PostgreSQL ilikuwa nayo tangu toleo la 9.3 la 2013, ila ilibidi uiwashe mwenyewe, hadi toleo la 18 la 2025 lilipoanza kuiwasha kwa kila hifadhidata mpya. Uliza seva yako `SHOW data_checksums`. Ikijibu `off`, izime siku ya mapumziko, endesha `pg_checksums --enable` na uiwashe tena.

Cheksamu hukaguliwa ukurasa unaposomwa tu. Rekodi za wanachama waliohama miaka mitatu iliyopita hazisomwi na mtu, kwa hiyo lazima uzisome kwa makusudi. `mysqlcheck` kwa MySQL na MariaDB, `DBCC CHECKDB` kwa SQL Server, `pg_amcheck` kwa PostgreSQL 14 na kuendelea, ambayo hukagua na faharasa pia. Bakapu ya `pg_dump` husoma majedwali yote lakini haigusi faharasa zake, kwa hiyo kufaulu kwake si uthibitisho kwamba faharasa ni nzima. Mara moja kwa wiki inatosha kwa ofisi ndogo.

Kwa uharibifu wa aina ya tatu, wa kurasa nzima zenye habari za uongo, andika maswali yako mwenyewe yaendeshwe kila usiku. Kuna mkopo usio na mkopaji? Kuna NIDA inayoishia na sifuri tano? Jumla ya miamala ya kila akaunti inalingana na salio lake? Kila swali linapaswa kurudisha mistari sifuri, na lisiporudisha sifuri ujumbe uende kwenye simu ya mtu mwenye jina.

Bakapu zipangwe kwa kufuata muda huohuo. Ukikagua mara moja kwa mwezi na kutunza bakapu za siku saba, siku utakayogundua tatizo hutakuwa na bakapu nzima hata moja. Kwa vyama vinavyogundua mengi wakati wa ukaguzi wa hesabu wa mwaka, bakapu ya kila mwisho wa mwezi itunzwe zaidi ya miezi kumi na miwili. Nakala moja ikae jengo jingine, na diski ya nje isiachwe imechomekwa, maana virusi vya kudai fidia vitaifunga pamoja na kompyuta. Usinakili folda ya data wakati seva inafanya kazi ukaiita bakapu. Na seva ya pili inayofuatisha ya kwanza haikulindi dhidi ya amri mbaya, kwani itaifuata nayo.

Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa ni ya kutilia shaka. Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowatunzia watengenezaji programu kazi zao mtandaoni, ilifuta kimakosa hifadhidata yake kuu, takribani GB 300. Walipokwenda kwenye bakapu za kila siku walikuta hazipo, kwa sababu zilikuwa zikiendeshwa na toleo la `pg_dump` lisilolingana na seva na kushindwa kimyakimya. Waliokolewa na nakala ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa ajili ya majaribio. Walieleza yote hadharani, na nawashukuru kwa hilo.

Siku ya kugundua

Simamisha maingizo kwanza. Kila dakika ya kuendelea kuandika inaongeza kazi. Seva ikiwa imezimwa, nakili folda nzima ya data, na mbovu yake, kwenye diski nyingine. Majaribio yote ya kutengeneza yafanyike juu ya nakala, maana amri nyingi za ukarabati hukarabati kwa kutupa zisichokielewa. SQL Server imeiita moja yake `REPAIR_ALLOW_DATA_LOSS`, na inamaanisha hivyo. `innodb_force_recovery` ya MySQL ina ngazi 1 hadi 6: anza na 1, panda taratibu, toa majedwali nje punde seva inapowaka, na ujue kwamba kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja.

Kisha pima vifaa. RAM mbovu itaharibu hata hifadhidata uliyoirejesha vizuri, kwa hiyo usirudishe data kwenye mashine ileile kabla ya kuipima RAM na diski. Endesha maswali yako ya usiku kwenye bakapu moja moja ukirudi nyuma, hadi ufike ile inayojibu sifuri zote. Tarehe yake ndiyo jibu la swali la data ziliharibika lini. Rejesha hiyo. Siku zinazobaki kati yake na leo zitaingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye vishina vya risiti na vitabu vya wanachama, kwa mpangilio wa namba za risiti, watu wawili kwa pamoja, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Kwa sababu hiyo vishina visichomwe wala kutupwa hadi ukaguzi wa mwaka uwe umepita.